Alan Turing na Mashine Ndani ya Mashine

Wanachama wenzangu, hebu niwasimulie habari za Alan Turing, aliyezaliwa London mwaka wa 1912. Kwangu mimi huyu ndiye babu wa tarakilishi. Mwaka wa 1936, akiwa bado kijana mbichi, alionyesha kwa hesabu kwamba mashine moja, ikipewa maelezo ya nyingine, yaweza kuigiza kazi yake yote.

Vita vilipozuka mwaka wa 1939 aliingia Bletchley Park kufumbua jumbe ambazo Wajerumani walizificha kwa mashine ya Enigma. Wapolandi walikuwa wametangulia, tusiwanyime haki yao. Turing na wenzake walizifumbua, lakini kazi yenyewe ilikuwa siri. Mwaka wa 1952 mahakama ilimtia hatiani kwa kupendana na mwanamume, akaondolewa ruhusa ya kazi za siri. Akafa tarehe 7 Juni 1954, na raia hawakujua alivyowasaidia. Jamani!

Siku hizi tarakilishi moja kubwa huigiza nyingi ndogo, nazo hukodishwa kama vyumba. Taabu ni kwamba mwenye nyumba aweza kuchungulia kumbukumbu ya mpangaji. Mwaka wa 2016 kampuni ya AMD ilieleza dawa yake: kichakataji chenyewe kinaivuruga kumbukumbu ya kila mpangaji kwa ufunguo wake, na ufunguo hautoki humo. OpenStack, programu huria ya kuendesha mitambo hiyo, ikaikubali mbinu hiyo mwaka wa 2019. Sasa mwenye nyumba akichungulia, anakuta vurugu tupu, mfano wa zile jumbe zilizofika mezani pa Turing.