Tingatinga: mchuuzi wa picha aliyefika majumba ya sanaa ya ng'ambo

GISENYI – Anayevuka kila siku kati ya Goma na Gisenyi anajua siri ya biashara ndogo: mzigo uwe mwepesi, bei ifikike, na mteja afuatwe alipo. Edward Saidi Tingatinga aliijua siri hiyo, na bidhaa yake ilikuwa picha.

Alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, kusini mwa Tanzania, upande wa mpaka wa Msumbiji. Mama yake alikuwa Mmakua, baba yake Mngindo. Ujanani alikwenda Tanga kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, kisha akahamia Dar es Salaam, akaishi kwa vibarua na kazi za nyumbani. Hakusomea uchoraji.

Mwaka 1968 alianza kuchora. Vifaa vya wasanii vilikuwa ghali, hivyo alitumia vipande vya hadubodi na rangi ya kupakia baiskeli. Alichora chui, tembo, ndege na watu wa kijijini kwa rangi kali. Alizipanga picha nje ya Morogoro Stores, Oyster Bay, walikofika Wazungu kununua mahitaji yao. Kipande kidogo kiliingia vizuri katika sanduku la safari.

Soko lilipokua, hakulifungia mlango. Aliwafundisha ndugu na jamaa, wakiwemo Simon Mpata, January Linda na Ajaba Abdallah Mtalia.

Mwaka 1972 polisi waliokuwa wakifukuza gari walimpiga risasi kwa makosa, akafariki. Alikuwa amechora kwa takriban miaka minne tu.

Wanafunzi wake waliendelea, na mwaka 1990 wachoraji wa mtindo huo walianzisha chama cha ushirika Dar es Salaam. Kazi zake zimeoneshwa Ulaya na Japani. Mwana Afrika Mashariki anayetembelea jumba la sanaa ya kisasa ng'ambo anaweza kulikuta jina la mchuuzi huyo wa Tunduru ukutani.

Lakini jina hilo limekuwa pia jina la bidhaa. Picha nyingi huitwa tingatinga, na waliozichora hawatajwi. Mwenyewe alitia saini kazi zake. Mfanyabiashara anayewauzia picha watalii wa Ziwa Kivu anaweza kuanzia hapo: amtajie mnunuzi jina la aliyeichora.