Matt Busby na Vijana Wake

Vijana wetu wengi huvaa fulana nyekundu ya Manchester United, na majina ya wachezaji wake huyataja kama watajavyo ndugu zao. Ni wachache wajuao habari za mtu aliyeikuta timu hiyo haina hata kiwanja cha kuchezea, akaiacha ikiwa na jina duniani kote. Mtu huyo ni Matt Busby, Mskoti na Mkatoliki, aliyefariki mwaka 1994. Twamkumbuka leo si kwa sababu ya vikombe tu, bali kwa sababu ya mzigo aliouchukua moyoni kwa watoto wa watu wengine.

Alizaliwa tarehe 26 Mei 1909 katika kijiji cha Orbiston, karibu na Bellshill, nchini Scotland. Kilikuwa kijiji cha wachimba makaa ya mawe. Baba yake, Alexander, aliiacha kazi hiyo akaenda vitani, na mwezi wa Aprili 1917 akauawa kwa risasi huko Arras, Ufaransa. Matt alikuwa hajatimiza miaka minane. Mama akabaki mjane na mtoto huyo mmoja wa kiume pamoja na dada zake. Kijana alipopata nguvu alishuka shimoni kama wenziwe, na mama akaanza kufikiri kuihamishia jamaa yote Marekani. Lakini mwezi wa Februari 1928 Manchester City walimwandika Matt kuwa mchezaji kwa pauni 5 kwa juma, na safari ya Marekani ikaishia hapo.

Mwanzo wake ulikuwa mbaya. Alichezeshwa mbele, naye hakuwa na mbio. Kwao palikuwa mbali, mwili ulimsumbua kwa maradhi na maumivu, na mara nyingi alitamani kufunga mzigo wake na kurudi shimoni. Yasemekana kwamba mwaka 1930 Manchester United waliuliza bei yake, wakaambiwa pauni 150, wasiweze kuzipata. Hata siku moja, katika timu ya akiba, hafbeki wa kulia akakosekana, Busby akawekwa mahali pake. Ndipo mambo yalipogeuka. Pale katikati ya kiwanja, mahali ambapo siku hizi twapaita pa kiungo, hakuhitaji mbio nyingi. Alihitaji macho ya kuona mwenzake yuko wapi kabla mpira haujamfikia. Macho hayo alikuwa nayo. Alicheza fainali mbili za Kombe la Uingereza: ya mwaka 1933, waliyofungwa na Everton, na ya mwaka 1934, waliyowashinda Portsmouth mabao 2 kwa 1. Mwaka 1936 akahamia Liverpool, akawa nahodha. Vita vya 1939 vikamkatizia uchezaji, naye jeshini akawa mwalimu wa mazoezi ya viungo.

Vita vilipokaribia kwisha, Liverpool walimtaka arudi kwao awe msaidizi wa mwalimu. Manchester United nao wakamwita, kupitia kwa Louis Rocca, mtumishi wao wa siku nyingi, aliyemfahamu kwa njia ya chama cha wanamichezo Wakatoliki wa Manchester. Timu yenyewe haikuwa ya kutamanika. Kiwanja cha Old Trafford kilibomolewa na mabomu mwaka 1941, madeni yalikuwa mengi, na mechi za nyumbani zilichezwa kwenye kiwanja cha jirani zao, Manchester City. Busby alipewa mkataba wa miaka mitatu; akataka mitano, kwa kuwa alijua kazi hiyo haitimizwi upesi. Tena akataka yeye mwenyewe achague wachezaji, awanunue na kuwauza, jambo ambalo siku zile wakurugenzi walilishika mikononi mwao. Wakakubali. Alikuwa na umri wa miaka 36 tu alipoianza kazi mwezi wa Oktoba 1945.

Msaidizi wake alimpata Bari, nchini Italia. Huko alimsikia Jimmy Murphy, Mwelshi aliyekuwa hafbeki kama yeye, akiwahutubia askari juu ya mpira, akamwajiri. Naye Busby hakukaa ofisini kama walivyozoea wakuu wa timu wa siku hizo. Alivaa nguo za mazoezi akacheza pamoja na vijana. Hakusahau jinsi yeye mwenyewe alivyookolewa kwa kubadilishwa mahali: Johnny Carey na John Aston, waliokuwa wachezaji wa mbele, akawafanya mabeki, wote wawili wakasifika. Mwaka 1948 timu ikatwaa Kombe kwa kuwashinda Blackpool 4 kwa 2, na mwaka 1952 ikashika ubingwa wa ligi.

Wakubwa hao walipochoka, Busby hakukimbilia kununua. Alituma watu wakatafute wavulana waliotoka shule. Wazazi walimkabidhi watoto wao, naye akawapangisha katika nyumba za akina mama waliowatunza kama wanao. Kombe la vijana walilitwaa mara tano mfululizo, kuanzia 1953 hadi 1957, na katika miaka ya 1956 na 1957 vijana hao wakawa mabingwa wa Uingereza.

Mwaka 1956 alikata shauri kubwa. Wakuu wa ligi hawakupenda timu za Uingereza zishindane na za Ulaya; mwaka uliotangulia Chelsea walishauriwa wajitoe, wakatii. Busby hakutii. Ndiyo sababu tarehe 6 Februari 1958 timu yake ilikuwa njiani kutoka Belgrade, ikiharakisha kurudi kwa mechi ya ligi ya Jumamosi. Ndege ilitua Munich kutia mafuta. Ilijaribu kuruka mara mbili ikashindwa. Mara ya tatu ilizuiwa na theluji iliyoanza kuyeyuka njiani, ikapita mwisho wa uwanja na kuvunjika. Watu 23 walikufa, wanane kati yao wachezaji: Geoff Bent, Roger Byrne, Eddie Colman, Mark Jones, David Pegg, Tommy Taylor, Billy Whelan, na Duncan Edwards aliyeteseka hospitalini siku 15. Edwards alikuwa na miaka 21.

Busby alivunjika kifua, akapakwa mafuta matakatifu mara mbili. Kwa muda mrefu hakuambiwa waliokufa. Hatimaye alimtaka mkewe, Jean, amweleze yote, lakini mama huyo hakuweza kutamka neno. Basi mgonjwa akataja majina moja moja, na mke akaitikia kwa kichwa, huyu yu hai, huyu hayupo.

Hapo ndipo alipotaka kuacha mpira kabisa. Alijilaumu kwamba ni yeye aliyewapeleka Ulaya, tena kwamba hakusema neno rubani alipojaribu mara ya tatu. Kwa rubani lawama iliondolewa na uchunguzi wa Waingereza wa mwaka 1969; lakini lawama ajitiayo mtu mwenyewe haina baraza la kuiondoa. Jean ndiye aliyemsihi arudi, kwa ajili ya wale waliokufa. Murphy, aliyesalimika kwa kuwa alikuwa Cardiff na timu ya Wales, aliishika kazi kwa miezi hiyo. Busby akarudi akitembea kwa fimbo.

Ilimchukua miaka kuijenga timu upya: Kombe mwaka 1963, ubingwa mwaka 1965 na 1967. Tarehe 29 Mei 1968, huko Wembley, Manchester United waliwashinda Benfica 4 kwa 1 baada ya muda kuongezwa, wakawa timu ya kwanza ya Uingereza yenyewe kutwaa Kombe la Ulaya. Bobby Charlton na Bill Foulkes, waliotoka hai Munich, walikuwa kiwanjani. Mwaka huo Busby akapewa cheo cha Sir, na mwaka 1972 Baba Mtakatifu Paulo VI akamtunuku nishani ya Mtakatifu Gregori.

Haifai kumfanya malaika. Katika mishahara mkono wake ulikuwa mzito, na alipostaafu mwaka 1969 hakuondoka kweli: aliendelea kuwa na ofisi pale pale. Wilf McGuinness, aliyemrithi, alifanya kazi chini ya kivuli hicho, na mwishoni mwa mwaka 1970 akaondolewa, mzee akarudi kwa miezi michache.

Jean alifariki mwaka 1988. Busby alimfuata tarehe 20 Januari 1994, akiwa na miaka 84. Siku mbili baadaye Manchester United walicheza na Everton. Mpiga zumari mmoja wa Kiskoti aliwatangulia wachezaji kuingia kiwanjani, na maelfu ya watu wakasimama kimya. Alizikwa kando ya mkewe, katika makaburi ya kusini ya Manchester.