Louise Michel na Watoto wa Wakimbizi

Yapo maswali yanayomsumbua kila mzazi. Anakisti, yaani mtu asiyetaka serikali wala mtawala, atamleaje mtoto, ambaye tangu asubuhi hadi jioni hana budi kuambiwa fanya hili, acha lile? Louise Michel wa Ufaransa alilazimika kulijibu swali hilo kwa matendo.

Alizaliwa mwaka 1830 katika jumba la Vroncourt. Mama yake, Marianne, alikuwa mtumishi wa jumba hilo, wala hakuwa na mume. Wazee wenye nyumba hawakumfukuza mtoto. Walimlea kwa upendo, wakamsomesha. Alipokuwa mwalimu alikataa kula kiapo cha utii kwa Napoleon III, basi akafungua shule yake mwenyewe.

Mwaka 1871 alipigana upande wa waasi wa Paris. Askari walipomkosa walimkamata mama yake. Louise akaenda kujitoa mwenyewe ili mama afunguliwe. Akahamishwa hadi kisiwa cha Kaledonia Mpya, na huko akawafundisha Wakanaki kusoma. Wakanaki walipowaasi Wafaransa mwaka 1878, yeye aliwaunga mkono, ingawa wafungwa wenzake wengi hawakukubali.

Alirudi mwaka 1880, akafungwa tena 1883. Mama yake alipokuwa mahututi, Januari 1885, aliruhusiwa kukaa kando ya kitanda chake.

Baadaye alihamia London, akafungua shule ya watoto wa wakimbizi karibu na Fitzroy Square. Shule ilifuata mafundisho ya Mrusi Bakunin: mtoto mchanga aongozwe kwa amri, na amri hiyo ipunguzwe kadiri akili yake inavyokua. Kumbe hata wao walijua kwamba mtoto hawezi kuanza maisha bila wa kumwongoza! Walikosea, kwa maoni yetu, walipoifukuza dini mlangoni. Lakini ni wazazi wangapi kati yetu wanaomwamuru kijana wa miaka kumi na minane kama wanavyomwamuru wa miaka minne?

Mwaka 1892 polisi walikuta baruti chini ya nyumba, na shule ikafungwa. Msaidizi mmoja wa shule, Auguste Coulon, alikuwa jasusi wa polisi, na wengi waliamini kwamba ndiye aliyeiweka. Watoto wakatawanyika.

Louise alifariki Marseille, Januari 1905. Alizikwa Levallois-Perret, alikolala mama yake.