Baridi yabisi si ya wazee pekee: maisha ya Daktari Still

Mzungumzaji wa kawaida wa Kiswahili anaposikia baridi yabisi, humjia akilini ajuza aliyeketi barazani akijikanda magoti, au mzee anayelaumu mvua za masika kwa maumivu ya kiuno chake. Ni nadra mno kumfikiria mtoto wa darasa la pili. Hata hivyo, mtoto huyo yupo, na amekuwapo siku zote. Aliyewafanya matabibu wa lugha ya Kiingereza wamtazame kwa makini ni Mwingereza mmoja mkimya aliyeitwa George Frederic Still, ambaye maisha yake ningependa kuyasimulia hapa kwa manufaa ya walimu wenzangu na wanafunzi.

Huenda msomaji akajiuliza mwanaisimu ana haja gani na viungo vya watoto. Njia yangu ilipitia katika maneno. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikishughulika na istilahi za tiba katika Kiswahili, na baridi yabisi ni miongoni mwa istilahi zinazonivutia kupita kiasi. Vijenzi vyake vyote viwili ni vya asili ya Kiarabu, navyo vinatukumbusha elimu ya kale iliyoufasiri mwili kwa sifa nne za joto, baridi, unyevu na ukavu. Elimu hiyo Waarabu waliipokea kwa Wayunani, hasa katika vitabu vya Galeni. Ajabu ni kwamba neno la Kiyunani lililozaa rumatizimu lina maana ya mtiririko, yaani kitu chenye majimaji kinachoshuka mwilini. Kwa hiyo Mzungu aliuita ugonjwa kwa jina la umajimaji, sisi tukauita kwa jina la ukavu, na wote tulikuwa tukinywa katika kisima kimoja.

Still angeyafurahia mambo haya, kwani kabla ya kuwa daktari alikuwa mwanafunzi wa lugha. Alizaliwa London tarehe 27 Februari 1868, mwana wa afisa wa forodha. Alisoma katika shule ya Merchant Taylors', kisha akaingia chuo cha Caius huko Cambridge, ambako alijikita katika Kilatini na Kiyunani na kupata daraja la kwanza. Ndipo akageukia udaktari katika hospitali ya Guy's, London. Wako watu hapa kwetu wanaodhani kwamba mwanafunzi wa fasihi na lugha amejifungia mlango wa sayansi. Mimi nadhani mazoea ya kusoma matini neno kwa neno ndiyo yaliyomfanya Still asome mwili wa mtoto kiungo kwa kiungo.

Kutoka Guy's alikwenda katika hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, iliyoanzishwa na Charles West mwaka 1852 ikiwa na vitanda kumi tu. Wakati huo tiba ya watoto haikuhesabiwa kuwa taaluma inayojitegemea. Mtoto alitibiwa kama mtu mzima aliyepunguzwa kimo na kipimo cha dawa. Mtoto aliyevimba magoti alidhaniwa ana homa ya rumatizimu, ile inayofuata maambukizi ya koo na kuudhuru moyo, au kifua kikuu cha mifupa. Magonjwa hayo mawili yalikuwa tele London, na kwa vile yalikuwa tele, kila uvimbe ulisukumwa katika mojawapo.

Still, akiwa bado hajatimiza miaka thelathini, hakuridhika. Alikusanya habari za watoto 22 waliokuwa na ugonjwa sugu wa viungo, na mwaka 1897 makala yake ikachapishwa na chama cha matabibu na wapasuaji cha London. Eksirei zilikuwa zimegunduliwa mwaka 1895 tu. Vipimo vya damu tunavyovijua leo havikuwapo. Alichokuwa nacho ni macho, vidole, kipimajoto, na maiti za baadhi ya watoto waliofariki, ambazo alizichunguza ili aone kilichotokea ndani. Kwa zana hizo chache aligundua kwamba wale 22 hawakuwa na ugonjwa mmoja. Aliwatenga 12 kati yao. Watoto hawa 12, licha ya kuvimba viungo, walishikwa na homa, matezi yao yalivimba, wengu wao ulikuwa mkubwa, na baadhi yao utando unaouzunguka moyo ulikuwa umeshikamana na moyo. Shingo zao zilikakamaa. Misuli ilinyauka. Walidumaa, hata mtoto wa umri mkubwa akaonekana kama mdogo wake. Aidha, wengi waliugua kabla ya kubadili meno ya utotoni. Uvimbe wenyewe ulikuwa laini, wa nyama zinazozunguka kiungo, na mifupa haikukwaruzana kama ilivyo kwa wazee.

Hitimisho lake lilikuwa la tahadhari lakini la kijasiri: huenda huu ni ugonjwa mwingine kabisa, si ule wa watu wazima uliopata wenyeji mdogo.

Haki inadai niseme kwamba hakuwa wa kwanza kuona viungo vya watoto vikivimba. Huko Ufaransa, Victor Cornil alikuwa ameandika mwaka 1864 juu ya mwanamke aliyeanza kuugua akiwa binti wa miaka 12, na mwanzoni mwa miaka ya 1890 Diamantberger alitoa tasnifu nzima mjini Paris iliyokusanya visa vya watoto. Hata vipele vya rangi ya waridi vinavyotokea pamoja na homa, ambavyo leo daktari huvitafuta mapema, havimo katika maelezo ya Still. Vilikuja kuelezwa na waliomfuata. Sifa yake ni ya namna nyingine. Wenzake walikusanya, yeye akapambanua. Mtu yeyote aliyewahi kutunga kamusi anajua kwamba kazi ngumu si kuorodhesha maneno, bali kuamua kama umbo moja ni neno moja lenye maana mbili au ni maneno mawili yaliyofanana kwa sura.

Nimewahi kuona kwa macho yangu thamani ya upambanuzi huo. Nilikuwa nikikagua wanafunzi wetu wa ualimu waliokuwa mazoezini katika shule moja ya msingi, ambayo sitaitaja. Msichana mmoja alikuwa amesimamishwa nje ya darasa kwa sababu kila asubuhi alichelewa, na alipofika aliandika mistari miwili wenzake wakiwa wamemaliza ukurasa. Vidole vyake vilikuwa vimevimba katikati kama ndizi mbichi. Kufikia saa sita aliandika vyema, na jambo hilo hasa ndilo lililomtia hatiani: mwalimu wake aliona kwamba anayeweza adhuhuri na asubuhi angeweza, akitaka. Kumbe ukakamavu wa asubuhi unaolegea jua likipanda ni dalili mojawapo kuu ya ugonjwa huu. Mama yake alikuwa ameambiwa kwamba baridi yabisi haiwapati watoto.

Turudi kwa Still. Mwaka 1902 alialikwa na Chuo cha Kifalme cha Matabibu, London, kutoa mihadhara iitwayo Goulstonian, naye akachagua mada iliyowashangaza wengi. Alizungumzia watoto wasioweza kuzuia matendo yao wala kutulia katika jambo moja, baadhi yao wakiwa na akili timamu kabisa. Alidai kwamba hali hiyo yaweza kuwa na chanzo mwilini, na si malezi mabaya tu. Mihadhara hiyo hutajwa mara kwa mara kuwa mwanzo wa elimu ya watoto wanaoshindwa kumakinika darasani. Binafsi naona madai hayo yametiwa chumvi. Aliwachanganya watoto wa namna nyingi, na kusema kwake juu ya maadili ya watoto kunabeba harufu ya enzi ya Malkia Victoria. Hata hivyo, kulisema mbele ya jopo la wakuu wa tiba kwamba mtoto mtukutu huenda ni mgonjwa, si mwovu, halikuwa jambo dogo.

Mwaka 1906 akawa profesa wa magonjwa ya watoto katika hospitali ya King's College, wa kwanza kushika cheo hicho nchini Uingereza. Mwaka 1909 alichapisha kitabu chake cha kufundishia juu ya maradhi ya kawaida ya utotoni, kilichotolewa upya mara kadhaa. Ndani yake mna maelezo ya mvumo fulani wa moyo unaosikika kama uzi wa ala ya muziki uliochapwa. Katika zama ambazo mtoto mwenye mvumo alilazwa kitandani miezi na miezi kwa hofu ya homa ya rumatizimu, Still alisema kwamba mvumo huu hauna madhara. Wanafunzi wa udaktari hadi leo hufundishwa kuutambua kwa jina lake. Nadhani kumwambia mzazi kwamba mwanawe haumwi kunahitaji ujasiri sawa na kumwambia kwamba anaumwa.

Hakuoa wala hakupata mtoto. Waliomfahamu walimwona kuwa mtu mwenye haya mbele ya watu wazima, ila mbele ya watoto haya zilimtoka. Chama cha madaktari wa watoto cha Uingereza kilipoanzishwa mwaka 1928, yeye ndiye aliyechaguliwa rais wa kwanza. Mwaka 1931 alitoa kitabu juu ya historia ya tiba ya watoto tangu zama za kale, na hapo elimu yake ya Kilatini na Kiyunani ilimfaa tena, kwa kuwa aliweza kuwasoma waandishi wa kale bila mkalimani. Alihudumu kama daktari wa watoto katika familia ya kifalme, na mwaka 1937 akatunukiwa cheo kilichomfanya aitwe Sir. Alistaafu akaishi karibu na Salisbury, akitunga mashairi kuhusu utoto, na huko ndiko alikofariki tarehe 28 Juni 1941, vita vikiwa vimepamba moto.

Jina lake lilipitia misukosuko ambayo mwanaisimu hawezi kuiacha. Kwa muda mrefu kila mtoto mwenye viungo vilivyovimba alisemekana ana ugonjwa wa Still, kinyume kabisa na nia ya mtu aliyejitahidi kutenganisha. Isitoshe, neno lenyewe katika Kiingereza lina maana ya tuli, hata wako wanaodhani kwamba ugonjwa umeitwa hivyo kwa sababu humfanya mtoto asijongee. Mwaka 1971 Eric Bywaters, aliyekuwa amefanya kazi na Barbara Ansell katika kituo maalumu cha watoto huko Taplow, aliwaeleza watu wazima 14 waliokuwa na ugonjwa uleule wa homa na viungo. Wamarekani nao walikuwa na jina lao, Waulaya lao. Mwaka 1997 wataalamu wa mataifa mbalimbali walikutana Durban, Afrika Kusini, wakaimarisha uainishaji mmoja chini ya jina linalomaanisha ugonjwa wa viungo vya watoto usiojulikana chanzo. Ni jina la unyenyekevu, linaloungama ujinga wa wataalamu kwa Kiyunani ili usisikike sana.

Majina yalipopatana, utafiti wa tiba nao ulipata nguvu, maana huwezi kulinganisha wagonjwa wa Genoa na wa Chicago ikiwa kila mmoja anaitwa vyake. Tayari mwaka 1992 yalikuwa yamechapishwa matokeo ya jaribio la pamoja la Marekani na Muungano wa Kisovieti, lililowahusisha watoto 127. Baadhi walipewa methotreksati, wengine vidonge visivyo na dawa, na si watoto wala madaktari waliojua nani amepewa nini hadi mwisho. Dawa ilionekana kufaa, tena kwa kipimo kidogo mara moja kwa wiki. Kabla ya hapo watoto walimezeshwa aspirini kwa wingi, au kotisoni iliyowatuliza na kuwadumaza kwa wakati mmoja. Mwaka 2012 majaribio mengine yalionyesha kwamba watoto wenye homa na matezi, wale 12 wa Still kwa lugha nyingine, hupata nafuu kubwa wakizuiwa kemikali mbili za mwili ziitwazo intalukini, namba 1 na namba 6. Watoto wa makundi mengine hawaitikii dawa hizo kwa namna ileile. Wataalamu wengi sasa huamini kwamba kwa kundi hili kosa liko katika kinga ya asili ya mwili, ilhali makundi mengine kinga iliyofunzwa ndiyo inayowageukia wenyewe. Mstari aliouchora kijana kwa vidole na kipimajoto mwaka 1897 ulikuwa mahali pake. Mwaka 2024 mapendekezo ya madaktari wa Ulaya yaliunganisha ugonjwa huo wa watoto na ule wa watu wazima wa Bywaters, na kuurudishia jina la Still.

Dawa hizi mpya ni ghali mno kwa mzazi wa kawaida wa Kenya, na madaktari waliobobea katika fani hii ni wachache. Lakini si kila kitu kinahitaji fedha nyingi. Macho, kwa mfano. Baadhi ya watoto hawa, hasa wasichana wadogo wenye viungo vichache vilivyovimba, hupata uvimbe ndani ya jicho usiouma wala kulifanya jicho liwe jekundu, na wanaweza kupoteza uwezo wa kuona kabla mtu hajashuku. Huhitaji kupimwa macho kila baada ya miezi michache kwa taa maalumu, hata kama hawalalamiki.

Katika darasa langu la istilahi niliwapa wanafunzi kazi ya kuutafutia ugonjwa huu jina la Kiswahili. Nilitarajia baridi yabisi ya watoto. Wakalikataa neno baridi, kwa hoja kwamba mtoto anayewaka homa kila jioni hatamwelewa anayemwambia ana baridi, na mzazi ataishia kumnunulia sweta. Wakabakiza yabisi ya utotoni. Nimelipeleka kwa madaktari wawili wa watoto ninaofahamiana nao, na mmoja ameshaanza kulitumia anapozungumza na wazazi.