Livingstone: Mtoto wa kiwanda cha pamba aliyejifunza udaktari nyuma ya madaktari

Kijana wa Mhunze aliyemaliza kidato cha sita na masomo ya PCB ana jambo linalomsumbua akisubiri chuo. Anataka udaktari, lakini hajawahi kuuona kwa ndani. Angependa kwenda hospitali ya wilaya, aombe kusimama nyuma ya daktari siku chache, atazame kazi ilivyo. Shida ni moja: hana mjomba daktari. Ataanza vipi? Atasema nini mlangoni?

Miaka karibu 190 iliyopita, kijana mwingine asiye na mjomba daktari alikuwa na shida hiyo hiyo. Jina lake kila mwanafunzi wa Tanzania amelisikia darasani: David Livingstone. Wengi wanamjua kama mmisionari na mpelelezi. Wachache wanakumbuka kwamba alikuwa daktari, na jinsi alivyoupata udaktari wenyewe.

Alianza na pamba

Alizaliwa Machi 19, 1813, Blantyre, Scotland. Familia nzima iliishi chumba kimoja, kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha pamba. Watu wa Kishapu wanaijua pamba shambani na mnadani. Livingstone aliijua upande wa pili, kwenye mashine.

Akiwa na miaka 10 aliingizwa kiwandani kuunga nyuzi zilizokatika. Kazi ilianza saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku. Akitoka hapo, anakwenda shule ya jioni mpaka saa 4. Sehemu ya mshahara wake wa kwanza alinunulia kitabu cha sarufi ya Kilatini. Kitabu alikiweka juu ya mashine, akawa anasoma sentensi moja moja kila akipita.

Alipofika miaka 19 alipandishwa cheo, akawa msokotaji nyuzi. Kazi ilikuwa nzito, ila ililipa vizuri kidogo, akaweza kuweka akiba. Mwaka 1836 aliingia chuo cha Anderson jijini Glasgow kusomea tiba. Yeye na baba yake walitoka Blantyre kwa miguu kwenye theluji, wakazunguka mjini kutafuta chumba cha bei nafuu, wakapata cha shilingi 2 kwa wiki. Muhula ukiisha, anarudi kiwandani kutafuta ada ya muhula unaofuata.

Mlango ulivyofunguka London

Darasani alipata nadharia. Wagonjwa wako hospitali, na hospitali ina wenyewe.

Mwaka 1838 alikubaliwa na Chama cha Misioni cha London, na baadaye akawa London akimalizia masomo. Hapo ndipo ombi lilipofanya kazi. Viongozi wa chama walimwendea daktari kijana, James Risdon Bennett, wakamwomba amsaidie mwanafunzi huyu. Bennett alifundisha katika Hospitali ya Charing Cross na pia alitibu wagonjwa katika zahanati ya mtaa wa Aldersgate.

Angeweza kusema ana kazi nyingi, na isingekuwa uongo. Badala yake alimwingiza Livingstone kwenye wodi za Charing Cross, akamruhusu kuhudhuria mihadhara yake, na akamchukua zahanati kumtazama akihudumia wagonjwa maskini wa London. Livingstone alipata pia nafasi ya kujifunza katika hospitali ya macho ya Moorfields.

Hakuwa mwanafunzi wa kung'aa. Waliomjua enzi hizo walimkumbuka kama mtu mzito wa kuongea, asiyevutia kwa haraka. Misioni yenyewe ilikaribia kumkataa kwa sababu alishindwa kuhubiri bila kukwama. Ila alikuwa msikivu, na harudi nyuma. Kwa mtu anayesimama nyuma ya daktari, hizo ni sifa kubwa kuliko ulimi mwepesi.

Mtihani wa stetoskopu

Novemba 1840 alirudi Glasgow kufanya mtihani wa leseni. Andiko lake lilihusu ugonjwa uliohitaji stetoskopu, kile kifaa cha kusikilizia kifua. Leo hakuna daktari asiye nacho shingoni. Wakati ule kilikuwa bado kipya. Mfaransa Laennec alikibuni mwaka 1816, na wakubwa wengi hawakukubaliana kuhusu uwezo wake.

Watahini walikuwa na maoni yao, na Livingstone akawa na yake. Matokeo yake mtihani ulirefushwa na kukazwa kuliko kawaida. Baadaye mwenyewe aliandika kwa utani kwamba ingekuwa busara zaidi kutokuwa na maoni kabisa. Lakini alifaulu, akapata leseni, na Desemba 8, 1840 akapanda meli kwenda Afrika Kusini. Awali alitaka China, ila vita ya kasumba ilifunga njia hiyo.

Daktari porini

Alichojifunza kilimfaa mapema. Mwaka 1844, akiwa Mabotsa, simba alimrukia na kuuvunja mfupa wa mkono wake wa kushoto, juu ya kiwiko. Ilibidi asimamie mwenyewe kufungwa kwa mkono huo. Mfupa haukuunga sawasawa, ukabaki na kiungo cha uongo maisha yake yote.

Kwa malaria alitengeneza vidonge vyake vyenye kwinini na dawa za kuharisha. Kwa waganga wa kienyeji hakujifanya mjuaji. Alikwepa kuwanyang'anya wagonjwa wao, na mara nyingi aliingia kwenye ugonjwa mzito kwa ridhaa yao.

Pigo lilimpata Januari 1867, wapagazi walipotoroka na sanduku lake la dawa. Daktari akabaki bila dawa katikati ya bara. Miaka iliyofuata aliandamwa na homa, vidonda vya miguu na kuhara damu. Stanley alimkuta Ujiji mwaka 1871 akiwa amedhoofika. Wawili hao walikwenda hadi Kwihara, karibu na mji wa Tabora, ambako leo kuna makumbusho yake. Agosti 1872 akaondoka Kwihara kuelekea kusini. Hakurudi akiwa hai.

Farijala

Alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Wenzake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliamua jambo ambalo hakuna aliyewatuma: kuurudisha mwili wake kwao. Pwani ilikuwa zaidi ya kilomita 1,500, kwa miguu. Bila kuuhifadhi, mwili usingefika popote.

Ndipo alipohitajika mtu mmoja anayeitwa Farijala. Huyu hakuwa na cheti chochote. Aliwahi kuwa mtumishi wa daktari mmoja Unguja, na katika kutumika huko aliona jinsi maiti inavyofanyiwa uchunguzi. Hakuna aliyemwita mwanafunzi. Aliangalia tu, akakumbuka.

Walijenga kibanda kisicho na paa, wakakizungushia ua imara. Wenzao wakashika blanketi zito kama pazia. Farijala, akisaidiwa na Carras, akaufungua mwili, akatoa moyo na viungo vya ndani. Akaona donge la damu upande wa kushoto, kubwa kama kiganja. Akawaonyesha wenzake mapafu yaliyokauka, yenye mabaka meusi na meupe. Viungo vilizikwa ndani ya kopo la bati, na Jacob Wainwright akasoma sala. Mwili ukatiwa chumvi, ukaanikwa juani siku 14, ukafungwa kwa kitambaa na gome la mti.

Msafara ulipita Kwihara, ambako Luteni Cameron wa Uingereza aliwashauri wauzike hapo. Wakakataa. Februari 1874 walifika Bagamoyo. Huko London, daktari mpasuaji William Fergusson aliupima mkono wa kushoto, akaupata mfupa uliovunjwa na simba. Hapo shaka ikaisha. Aprili 18, 1874 Livingstone akazikwa Westminster Abbey.

Kwa hiyo maisha ya daktari huyu yana watu wawili waliojifunza kwa kutazama. Mmoja aliombewa nafasi, akapata leseni na kaburi la heshima. Mwingine hakuomba wala hakupewa kitu, lakini bila macho yake kusingekuwa na mwili wa kuzika London.

Kijana wa Mhunze ana njia rahisi kuliko wote wawili. Anaweza kuandika barua fupi kwa mganga mfawidhi: jina, shule aliyotoka, siku anazoomba, na kwamba anaomba kutazama, si kugusa. Apeleke mwenyewe, asubuhi, akiwa nadhifu. Akikubaliwa, mgonjwa aulizwe kwanza, na siri ya wodini ibaki wodini. Akikataliwa, ajaribu zahanati. Livingstone naye zahanati ilimfundisha.

Na daktari atakayeletewa barua hiyo akumbuke jambo moja. Yule wa Unguja huenda hakujua kamwe kwamba kuna mtu alikuwa akimtazama.