Charles Dickens na Vitabu vya Noeli



Noeli inakaribia, na watoto wameanza kujifunza nyimbo na igizo la Bethlehemu. Wazazi wengi waliotoka Minago, Rumonge na Nyanza-Lac wanatamani kuwasomea kitabu cha Noeli, lakini tulipokimbia hakuna aliyebeba vitabu. Kwa hiyo safari hii tunasimulia maisha ya Charles Dickens wa Uingereza, ambaye vitabu vyake vya Noeli vimesomwa duniani kote. Yeye pia utotoni aliona vitabu vya kwao vikiondoka nyumbani.

Utoto wa shida

Dickens alizaliwa tarehe 7 Februari 1812 huko Portsmouth, mji wa bandari kusini mwa Uingereza. Alikuwa mtoto wa pili kati ya wanane. Baba yake, John, alikuwa karani katika ofisi ya mishahara ya jeshi la majini, lakini matumizi yake yalizidi mapato. Walipohamia London mwaka 1822, madeni yaliongezeka. Vitu vya nyumbani vikaanza kuwekwa rehani, na vitabu vilitangulia. Charles mwenyewe ndiye aliyetumwa kuvipeleka, vitabu vile vile alivyovipenda kuliko kitu chochote.

Februari 1824 baba alikamatwa kwa deni la mwoka mikate, akafungwa katika gereza la Marshalsea. Mama na watoto wadogo wakahamia humo humo gerezani pamoja naye. Charles, aliyekuwa ametimiza miaka 12 mwezi huo, alibaki nje peke yake akifanya kazi katika kiwanda cha dawa ya viatu. Alibandika karatasi kwenye vikopo kwa saa 10 kila siku, kwa mshahara wa shilingi 6 kwa wiki. Siku ya Jumapili alikwenda gerezani kuwaona wazazi wake.

Baba alifunguliwa baada ya miezi mitatu hivi, na baadaye Charles akarudi shule. Lakini aibu ile ilikaa moyoni. Watoto wake walikuja kujua habari hizo baada ya yeye kufa.

Vitabu vya Noeli

Alipokua alikuwa karani wa mawakili, kisha mwandishi wa habari za Bunge. Kabla ya kufika miaka 26 alikuwa tayari mtunzi mwenye jina. Mwaka 1843 alisoma taarifa ya serikali kuhusu watoto wanaofanya kazi viwandani, na mwaka huo huo akatembelea shule ya watoto maskini wa mitaani London. Alitaka kwanza kuandika kijitabu cha kuwatetea. Akabadili mawazo, akaona hadithi itafika mbali zaidi.

Ndivyo kilivyozaliwa kitabu cha A Christmas Carol, maana yake wimbo wa Noeli. Hata sura zake tano aliziita beti. Kinasimulia habari za tajiri mchoyo, Scrooge, anayetokewa usiku wa Noeli na kuonyeshwa nyumba ya karani wake maskini mwenye mtoto mgonjwa. Scrooge anageuka, anaanza kutoa. Dickens alikiandika kwa wiki sita hivi. Kilitoka tarehe 19 Desemba 1843, na nakala 6,000 ziliuzwa kabla ya Noeli.

Lakini bei yake ilikuwa shilingi 5, karibu mshahara wote wa wiki wa yule mtoto wa kiwandani. Mwaka 1853, alipokisoma mbele ya watu mjini Birmingham, aliomba siku moja itengwe kwa wafanyakazi, kwa kiingilio kidogo.

Aliandika vitabu vingine vinne vya Noeli kati ya 1844 na 1848.

Kitabu kisichouzwa

Katika miaka hiyo hiyo, kati ya 1846 na 1849, Dickens aliandika kwa mkono maisha ya Bwana Yesu katika sura 11, kwa maneno mepesi, kwa ajili ya watoto wake tu. Alikataa kabisa kisichapishwe. Kilikuwa cha kusomwa nyumbani.

Hakuwa mtu asiye na kosa. Mwaka 1858 aliachana na mkewe, Catherine, mama wa watoto wake 10, na nyumba ikagawanyika. Alifariki tarehe 9 Juni 1870, akiwa na miaka 58. Daftari lile lilitunzwa na jamaa zake. Mwanawe Henry, wa mwisho kuwa hai, alipofariki mwaka 1933, waliobaki wakaamua kulichapisha, nalo likatoka mwaka 1934.

Tunajifunza nini?

Wapendwa, kitabu kile hakikuhitaji mtambo wa kuchapa. Kilihitaji karatasi, kalamu na mzazi mwenye nia. Hapa kambini tunaweza kufanya vivyo hivyo. Mzazi asiyejua kuandika asimulie, na kijana wake aandike, kwa Kiswahili au Kirundi. Andikeni habari za Bethlehemu, na jinsi Yusufu na Mariamu walivyokimbia na Mtoto usiku kwenda Misri, kama ilivyo katika Mathayo 2. Ongezeni jinsi Noeli ilivyokuwa Minago, kando ya ziwa, maana watoto waliozaliwa huku hawakuiona. Daftari hilo lisomwe nyumbani kila mwaka.

Tunawatakia Noeli njema.