George Westinghouse na Breki za Upepo

Muhula huu Mhariri ameniomba niandike habari za maisha ya mtu mmoja mashuhuri wa zamani. Mimi ni mwalimu wa ufundi, basi nimemchagua fundi. Mtu huyu hakuwa mfalme wala jemadari, naye alikufa mwaka 1914. Lakini hata leo, basi linapoteremka mlima Kitonga likiwa limejaa abiria, maisha ya watu wale yanalindwa na kanuni aliyoianzisha yeye. Jina lake ni George Westinghouse.

Alizaliwa tarehe 6 Oktoba 1846 katika kijiji cha Central Bridge, jimbo la New York, huko Marekani. Baba yake alikuwa na karakana ya kutengeneza zana za kilimo, na baadaye aliihamishia mji wa Schenectady. Mtoto George alikulia kati ya nyundo, tupa na mashine. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipowaka Marekani, alijiunga na majeshi ya upande wa Kaskazini, kwanza nchi kavu kisha majini. Vita vilipokwisha mwaka 1865 aliingia chuo kikuu pale Schenectady, lakini hakukaa ila miezi michache, akarudi karakanani kwa baba yake. Msije mkasema kwamba mwalimu anawafundisha kuacha masomo! Kijana huyu aliacha darasa, lakini hakuacha kusoma, na tutaona mara moja jinsi kusoma kulivyomfaa.

Kwanza niwaeleze jinsi magari ya moshi yalivyosimamishwa siku zile. Kila behewa lilikuwa na gurudumu la mkono la kukazia breki. Dereva alipotaka kusimama alipiga filimbi, na watu wa breki wakakimbia juu ya mapaa ya mabehewa, kutoka moja hadi jingine, wakizungusha magurudumu yale kwa nguvu ya mikono. Walifanya hivyo usiku, katika mvua, na juu ya barafu. Wengi waliteleza wakaanguka na kukatwa na treni. Tena treni ndefu ilikwenda mwendo mrefu sana kabla ya kusimama, hata kama hatari ilionekana wazi mbele.

Mwaka 1866 Westinghouse alikuwa safarini kati ya Schenectady na Troy, treni yake ikakwama kwa sababu treni mbili za mizigo zilikuwa zimegongana mbele. Njia ilikuwa sawa, na mchana ulikuwa mweupe. Madereva wale wawili walionana kwa mbali, lakini hawakuwa na njia ya kusimama kwa wakati. Jambo hili lilimkaa moyoni. Watu wenye macho mazuri na akili timamu wanaonana, kisha wanagongana, kwa sababu tu mkono wa dereva haufiki kwenye magurudumu ya nyuma.

Akaanza kutafuta. Alifikiri juu ya mnyororo mrefu wa kuvuta breki zote, akaona hautafaa kwa treni ndefu. Akafikiri juu ya mvuke kutoka katika injini, akauacha pia, maana mvuke ukipita katika bomba refu hupoa na kugeuka maji. Ndipo siku moja aliposoma gazetini habari za handaki lililokuwa likichimbwa chini ya milima ya Alps, kati ya Ufaransa na Italia. Mafundi wa kule waliendesha mashine za kutoboa mwamba kwa hewa iliyoshindiliwa, ile ambayo madereva wetu huiita upepo. Hewa hiyo ilipitishwa katika mabomba hadi ndani kabisa ya mlima. Westinghouse akapata jibu lake. Ikiwa upepo unaweza kwenda mbali hivyo na bado ukatoboa mwamba, utashindwaje kukaza breki za treni?

Tarehe 13 Aprili 1869 alipewa hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake. Alikuwa na umri wa miaka 22 tu. Breki yake ilijaribiwa kwa treni iliyotoka Pittsburgh. Treni ilipotokeza katika handaki, mbele yake palikuwa na mkokoteni wa farasi umekwama juu ya reli. Dereva akageuza mpini, na treni ikasimama hatua chache kabla ya kumfikia mwenye mkokoteni. Waheshimiwa waliokuwa ndani walirushwa kutoka vitini mwao, lakini hakuna aliyelalamika walipoona sababu. Mwaka ule ule kampuni yake ya breki ikaanzishwa.

Mtu mwingine angeridhika hapo. Westinghouse hakuridhika, kwa maana breki ile ya kwanza ilikuwa na kasoro kubwa. Upepo ulikaa katika mtungi wa injini, na dereva aliupeleka nyuma alipotaka kufunga breki. Je, mpira wa kuungia mabehewa ukipasuka? Je, treni ikikatika vipande viwili mlimani? Upepo ungetoka nje, na breki zisingefunga kabisa. Yaani breki ilikosekana saa ile ile ilipohitajiwa kuliko saa zote.

Mwaka 1872 akaleta dawa yake, nami nawaomba wanafunzi waisome sehemu hii polepole. Alibadili kazi ya upepo. Badala ya kuutumia upepo wa bombani kufunga breki, aliutumia kuzizuia zisifunge. Kila behewa alilipa mtungi wake mdogo wa upepo na vali ya pekee. Bomba refu la treni lilijazwa upepo wakati wote, kwa kawaida ratili 70 kwa kila inchi mraba. Upepo wa bomba ukikaa vizuri, breki hubaki wazi na mtungi wa behewa hujaa. Upepo wa bomba ukipungua, vali inahisi, inafungua mtungi wa behewa, na breki zinafunga. Dereva akitaka kusimama hupunguza upepo wa bomba. Na mpira ukipasuka au treni ikikatika, upepo wa bomba unatoka wenyewe, na vipande vyote viwili vinasimama vyenyewe. Hitilafu ile ile iliyokuwa ikileta mauti sasa ikawa ndiyo inayosimamisha treni.

Kama mnafikiri hili ni jambo dogo, fikirini yaliyotokea Armagh, huko Ayalandi, tarehe 12 Juni 1889. Treni iliyojaa watoto na wazazi wao waliokwenda matembezini ilishindwa kupanda mlima. Wakaikata, ili injini ipeleke juu mabehewa ya mbele kwanza. Breki zake zilikuwa za aina isiyojifunga yenyewe. Mabehewa ya nyuma yakateremka, yakagonga treni iliyokuwa ikifuata, na watu 80 wakafa. Mwaka ule ule Bunge la Uingereza likapitisha sheria kwamba treni za abiria lazima ziwe na breki zinazojifunga zenyewe. Marekani nayo ilipitisha sheria yake ya breki mwaka 1893. Sisi Watanzania hatuna haja ya kwenda mbali ili kujua uchungu wa treni inayorudi nyuma mteremkoni. Tarehe 24 Juni 2002, karibu na Msagali mkoani Dodoma, treni ya abiria ilirudi nyuma ikagonga treni ya mizigo, na watu wapatao 280 wakapoteza maisha yao.

Kazi ya Westinghouse haikuishia hapo. Katika miaka ya 1886 na 1887 breki zilijaribiwa huko Burlington, jimbo la Iowa, kwa treni za mizigo zenye mabehewa 50. Breki za mbele zilifunga kabla ya zile za nyuma, na mabehewa ya nyuma yakayapiga ya mbele kwa kishindo kikubwa. Wengi walisema upepo umeshindwa. Yeye akarudi karakanani, akaitengeneza upya vali yake hata kila behewa likawa linapunguza upepo wa bomba pale pale lilipo na kupeleka habari kwa behewa linalofuata. Kabla mwaka 1887 haujaisha, treni ya mabehewa 50 ilisimama bila kishindo.

Sasa nifike kwenye adui wa breki za upepo, ambaye ni maji. Mtakumbuka kwamba Westinghouse aliuacha mvuke kwa sababu hugeuka maji. Kumbe hewa nayo huyabeba maji kimya kimya, nasi hatuyaoni. Chukueni madebe 8 ya hewa yenye unyevu tele, myashindilie yaingie katika debe 1. Wakati wa kushindiliwa hewa huwa ya moto, na maji hubaki yamefichika. Lakini ikipoa, debe lile 1 haliwezi kushika unyevu zaidi ya ule wa debe 1. Unyevu wa madebe 7 utaanguka chini kuwa maji.

Haya si maji machache. Katika joto la digrii 30, kama la Dar es Salaam au Tanga, mita moja ya ujazo ya hewa yenye unyevu mwingi hubeba kiasi cha gramu 24 za maji. Kompresa inayovuta mita moja ya ujazo kila dakika, na kuishindilia mara 8, itaacha karibu lita 10 za maji kwa siku ya kazi ya saa 8. Hiyo ni nusu debe! Maji hayo hutia kutu mitungini, huosha mafuta yanayolainisha silinda, na kutu ikimeguka hukwama katika vali. Katika nchi za baridi maji huganda ndani ya bomba na kuziba njia ya upepo.

Kwa sababu hiyo injini za zamani ziliwekewa bomba refu lenye kupinda kati ya pampu na mtungi mkuu, ili hewa ipoe na maji yaangukie mtungini kabla ya kwenda kwenye breki. Chini ya mtungi palikuwa na koki, na watu wa treni walitakiwa kuifungua kumwaga maji. Uvumbuzi wote ule mkubwa ulitegemea mtu wa kuinama na kufungua koki.

Viwanda vya leo vinafuata njia ile ile. Hewa huvutwa kutoka mahali pakavu na penye ubaridi. Ikishashindiliwa hupozwa, kisha hutulizwa katika mtungi na maji yakamwagwa. Mabomba hulazwa kwa mteremko kidogo, na matawi yake huchomolewa juu ya bomba wala si chini yake, ili maji yasifuate upepo. Mwisho hewa hupita katika mashine ya kuikausha, ambayo huipoza hata karibu digrii 3, au huipitisha katika chembechembe zinazonyonya unyevu. Kabla sijawa mwalimu niliwahi kufanya kazi katika karakana moja ambayo mtungi wake haukumwagwa maji kwa wiki nyingi. Gari lililopakwa rangi asubuhi lilikuwa na malengelenge jioni, kwa sababu bunduki ya rangi ilitema maji pamoja na rangi. Mwenye gari alikasirika, na rangi yote ikakwanguliwa. Kwa rangi hasara ni fedha. Kwa breki hasara ni watu.

Wazazi wenye malori wanayajua haya. Breki za maegesho za lori kubwa hushikwa na springi zenye nguvu, na upepo ndio unaozizuia zisifunge. Upepo ukiisha, lori haliendi. Hiyo ni kanuni ile ile ya mwaka 1872. Na utingo mwangalifu kila asubuhi huingia chini ya gari, akafungua koki za mitungi, akangoja mpaka yale maji machafu yaliyochanganyika na mafuta yaishe na upepo mkavu utoke. Kazi hiyo haichukui hata dakika tano.

Westinghouse aliendelea na mengi. Mwaka 1886 alianzisha kampuni ya umeme, mwaka 1893 kampuni hiyo iliwasha taa za maonyesho makubwa ya Chicago, na mwaka 1895 mitambo yake ilianza kutoa umeme kwa nguvu za maporomoko ya Niagara. Alikuwa miongoni mwa matajiri wa kwanza wa Marekani waliowapa wafanyakazi wao mapumziko ya nusu siku ya Jumamosi. Mwaka 1907 misukosuko ya fedha ilimnyang'anya mamlaka ya kampuni yake ya umeme, lakini kampuni ya breki ilibaki mikononi mwake. Alikufa tarehe 12 Machi 1914, akazikwa katika makaburi ya mashujaa ya Arlington. Aliacha uvumbuzi 361 uliotambuliwa na serikali.

Enyi wanafunzi, mimi katika maisha haya najifunza mambo mawili. La kwanza ni la mwenye kubuni: usiulize tu kama kitu chako kitafanya kazi, bali uliza kitafanya nini siku kitakapoharibika. La pili ni la sisi tulio wengi, ambao hatutabuni breki. Hakuna mashine ya kutegemewa pasipo mtu wa kutegemewa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wasema wahenga. Nami, kwa kuwa ni fundi, naongeza kwamba asiyemwaga maji ya mtungi asubuhi, atayakuta katika breki zake mlimani.